Kinyonga huyu ni wa wapi? Namna ya kutambua asili yake kabla hujamlipia

Kila wiki naletewa picha ileile. Kinyonga mdogo, wa kijivu, ameng'ang'ania kijiti, na chini yake swali: "Kaka, huyu ni Ambilobe kweli?" Ambilobe ni mji wa Madagaska. Wanaouliza wako Dubai, Oslo, Minneapolis, Birmingham, na muuzaji kawapa hadi jioni waamue. Jibu langu halibadiliki: picha ya mtoto haisemi kitu. Niletee ya baba yake, kisha uniambie mama yake katoka wapi.

Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa jina. Dume wangu wa kwanza nilimnunua akiwa na miezi mitatu kwenye soko la reptilia huku Ujerumani, na kibandiko kwenye boksi kiliandikwa Nosy Be, kisiwa cha Madagaska. Nikakaa nikisubiri rangi ya feruzi ya madume wa huko. Alipoingia mwezi wa saba, mikanda myekundu ikaanza kutokeza ubavuni, mmoja baada ya mwingine, na katikati yake ngozi ikageuka njano. Nilimpenda vilevile na aliishi kwangu miaka mitano, lakini mpango wa kumtafutia jike wa Nosy Be uliishia hapo. Muuzaji hakupokea simu tena.

Mwongozo huu ni wa Furcifer pardalis, yule tunayemwita kinyonga chui, kwa sababu ndiye anayeuzwa kwa majina ya mahali kuliko wote. Mbele kidogo nitamgusa kinyonga wa pembe tatu wa kwetu Afrika Mashariki, ambaye naye huuzwa kwa majina yanayochanganywa ovyo.

Mambo mawili ya kujua kwanza

Kinyonga chui ni wa Madagaska, ukanda wa chini wa kaskazini na mashariki pamoja na visiwa vyake. Madume wa kila sehemu wana rangi zao, na wafugaji huwaita kwa jina la mji au kisiwa cha karibu: Ambilobe, Ambanja, Sambava, Nosy Be. Tofauti hizi si za macho tu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na wenzao wa Madagaska walipima vinasaba vya vinyonga 324 wa maeneo mbalimbali, wakapendekeza kwamba tunaowaita spishi moja huenda ni spishi 11. Ndiyo maana ukimchanganya wa Sambava na wa Nosy Be, unaunganisha koo ambazo porini zimetengana muda mrefu sana.

La pili: kinyonga hana rangi moja. Ngozi yake ina fuwele ndogo mno, na nafasi kati ya fuwele hizo ikitanuka, rangi inahama. Dume aliyetulia akiwa wa kijani, akimwona dume mwenzake anaweza kugeuka njano au rangi ya machungwa ndani ya dakika moja au mbili. Picha moja ni dakika moja ya maisha yake. Usimhukumu kwa dakika moja.

Utakavyohitaji

- Simu yenye kamera, na karatasi nyeupe kabisa. Karatasi nitaieleza, usiidharau.
- Ramani ya kaskazini mwa Madagaska, hata ya kwenye simu.
- Daftari la kuandika majibu ya muuzaji kwa tarehe.
- Kioo kidogo cha mkononi.
- Wiki mbili za subira. Muuzaji asiyeweza kukungojea wiki mbili mwache.
- Sheria ya nchi unayoishi. Vinyonga wa jenasi ya Furcifer wako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo kuvusha mmoja mpaka wa nchi kunataka kibali, na kwenye nchi za Umoja wa Ulaya unatakiwa uweze kuonyesha alikotoka kihalali. Uliza ofisi ya wanyamapori ya kwenu kabla hujauliza bei.

Hatua ya 1: Hakikisha ni spishi yenyewe

Unacheka? Nimeletewa picha za watoto wa kinyonga wa Yemeni waliouzwa kama kinyonga chui zaidi ya mara moja. Huyu wa Yemeni, anayepatikana pia kusini magharibi mwa Saudia, akikua ana kishungi kirefu kichwani kama pezi la samaki. Akiwa mdogo kishungi bado ni kifupi, basi tazama miguu ya nyuma. Dume wa Yemeni huanguliwa tayari na kijiti kidogo cha nyama kisiginoni. Kinyonga chui hana kijiti hicho, awe dume au jike, na dume wake akikua pua huchongoka mbele kama kibao bapa.

Hatua ya 2: Uliza mahali, usiulize rangi

Wauzaji wanapenda majina ya kuvutia: moto wa hiki, almasi ya kile. Hayo ni majina ya biashara. Uliza swali moja la wazi: "Baba yake ni wa wapi, na mama yake ni wa wapi?" Yaandike majibu mawili, kila moja kwenye mstari wake.

Kisha fungua ramani. Kama jina alilokutajia halipo Madagaska ya kaskazini wala mashariki, uliza tena. Neno "Nosy" kwa Kimalagasi ni kisiwa, na Nosy Be ni kisiwa kikubwa, kwa hiyo mtu akikuambia "huyu ni Nosy" bila kumalizia, ni kama amekuambia "huyu ni wa kisiwani" na kunyamaza. Kuna Nosy Be, Nosy Faly, Nosy Mitsio, na madume wao hawafanani.

Mji na kisiwa wakati mwingine huwa na majina mawili kwa sababu ya Kifaransa. Tamatave na Toamasina ni mahali pamoja. Diego Suarez na Antsiranana vilevile. Hapo hujadanganywa.

Hatua ya 3: Dai picha za baba na mama, kwa masharti

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiwa na nguvu ya kufanya hatua moja tu, fanya hii.

Omba picha tatu za baba: ametulia asubuhi, amechachamaa mbele ya dume mwingine au kioo, na moja ya ubavu mzima kutoka pua hadi mkia. Omba picha moja au mbili za mama. Omba na video fupi ya baba kwenye mwanga wa dirishani, taa ya kizimba chake ikiwa imezimwa.

Sasa karatasi nyeupe. Mwambie muuzaji aishike karibu na kinyonga wakati anapiga picha. Picha ikifika, usimtazame kinyonga kwanza, itazame karatasi. Ikiwa nyeupe kweli, rangi unazoziona unaweza kuziamini. Ikiwa ya waridi, basi wekundu wa kinyonga umeongezwa na taa au na programu ya kupambia picha. Ikiwa na buluu ndani yake, ile feruzi uliyoisifu huenda ni kijani cha kawaida. Dada mmoja wa Muscat alitumiwa picha ya dume mwenye buluu ya ajabu; alipodai karatasi, ikaja karatasi ya buluu vilevile. Akaokoa fedha zake kwa karatasi ya daftari.

Muuzaji mwaminifu hakasiriki ukimwomba haya. Wafugaji wazuri wana picha za wazazi hata kabla hujauliza, wengine na za mababu, na wanafurahi kupata mtu wa kuwaonyesha.

Hatua ya 4: Linganisha dume na eneo lake

Hapa nazungumzia dume mzima, wa mwaka mmoja na zaidi. Nitazunguka pwani kuanzia mashariki, nipande kaskazini, nishuke magharibi.

Toamasina: wekundu wa tofali au wa damu ya mzee, mara nyingi juu ya weupe au kijivu, na mstari mweupe wa ubavuni unaoonekana vizuri. Ukipanda hadi Maroantsetra, wekundu bado umetawala na huelekea rangi ya machungwa. Kwa macho ya mgeni hawa wawili wanachanganyika, na mimi mwenyewe siwatenganishi bila habari za wazazi.

Sambava, kaskazini mashariki: akitulia ni kijani, pengine kijani kilichopauka hadi unajiuliza umelipia nini. Akichachamaa ndipo njano, machungwa na wekundu vinapanda. Ukionyeshwa Sambava ametulia tu, hujamwona.

Antsiranana, ncha ya kaskazini: kijani chenye mikanda inayoelekea wekundu au machungwa, na njano ikipanda akikasirika.

Ambilobe ndiye anayejaza masoko, na ndiye mgumu. Wako wenye mikanda ya buluu na wako wenye mikanda myekundu, na kati ya mikanda unaweza kukuta kijani, njano au rangi ya machungwa. Ndugu wa tumbo moja wanaweza wasifanane kabisa. Kwa sababu ya ukarimu huo wa rangi, jina Ambilobe limegeuka kuwa kapu la kutupia kila kinyonga wa rangi nyingi ambaye muuzaji hajui asili yake. Ukiona dume ana mikanda myekundu na njano, ni rahisi kusema Ambilobe. Ni rahisi vilevile awe mchanganyiko. Kwa jina hili hasa, wazazi ni lazima.

Ambanja hayuko mbali na Ambilobe kwa barabara, ila dume wake ametulia zaidi: mwili wa kijani au kijani cha buluu, mikanda ya buluu iliyokolea ambayo kwa wengine hufika zambarau au wekundu, na madoadoa mekundu kuzunguka macho.

Nosy Be: karibu mwili mzima ni rangi moja, kijani cha feruzi au feruzi yenyewe, na mikanda imefifia hadi lazima uitafute. Midomo mara nyingi ina unjano. Muuzaji akikuonyesha Nosy Be mwenye mikanda iliyochorwa kama ya pundamilia, rudi Hatua ya 3.

Nosy Faly: mwili mweupe au wa kijivu cheupe, mikanda ya buluu juu yake, vidoa vyekundu kichwani. Ukimwona mzuri hutamsahau. Nosy Mitsio: kijani na njano, hasa kichwani. Ankaramy, kusini ya Ambanja: waridi, na mstari mweupe ubavuni.

Hiyo ni picha ya jumla. Porini mji hauna ukuta, na vinyonga wa katikati ya miji miwili hubeba rangi za pande zote.

Ukienda kumwona dume ana kwa ana, mtazame kwanza dakika kumi akiwa ametulia bila kumgusa. Halafu mwonyeshe kioo. Atajipanua ubavu, atapandisha rangi, pengine atafungua mdomo. Dakika moja yatosha, kisha ondoa kioo. Kumchokoza muda mrefu ni kumtesa, na akichoka rangi zake zinakuwa za woga, nyeusi nyeusi, hazikusaidii kitu.

Hatua ya 5: Jike, usimpime kwa macho

Majike wa maeneo yote hufanana: rangi ya mchanga, pichi, machungwa yaliyofifia, kijivu. Akiwa na mayai huwa mweusi mweusi na madoa ya waridi au machungwa. Wako wanaosema wanamjua jike wa Nosy Be kwa upichi wake. Ni kweli wengi wa huko wana upichi, na ni kweli pia wa kwingine wanao.

Kwa hiyo jike unanunua maneno ya mtu. Dai picha ya baba yake, ya kaka zake waliokwisha kupata rangi, na habari za mama yake. Kaka watatu wenye rangi moja ya eneo wanamweleza dada yao kuliko ngozi yake mwenyewe. Vitu hivyo visipokuwepo, mchukue kama jike wa kufuga tu, usimzalishe kwa jina la eneo lolote. Hapa ndipo koo zinapochafuka, maana mchanganyiko hauonekani hadi watoto wa kiume wapate rangi, na hapo wameshauzwa.

Hatua ya 6: Mtoto, piga hesabu ya tarehe

Watoto wote ni kijivu na kahawia. Dume huanza kuonyesha rangi kati ya mwezi wa nne na wa sita, hujaa karibu na mwaka, na wengine huendelea kubadilika hadi miezi 18. Mtu anayekuhakikishia rangi za mtoto wa miezi miwili anakuuzia tumaini.

Lakini tarehe hazina rangi za kubadilika. Uliza: mayai yalitagwa lini, yakaanguliwa lini? Mayai ya kinyonga chui huchukua miezi sita hadi kumi na miwili kuanguliwa. Mtu akikuambia wazazi walifika kwake Januari na watoto wakaanguliwa Aprili, basi ama jike alitaga kwa mtu mwingine, ama baba si yule wa kwenye picha.

Ulizia pia kizazi. F1 maana yake wazazi wote wawili walikamatwa porini. Kuna pia watoto waliotoka kwa jike aliyekamatwa akiwa tayari na mayai: huyo baba yake hakuna anayemjua, hata akiitwa F1.

Hatua ya 7: Soma karatasi, ujue isichosema

Kibali cha CITES kinataja nchi. Kinasema Madagaska, hakisemi Ambilobe. Nimeona watu wakitikisiwa kibali chenye mhuri kama uthibitisho wa eneo, nao wakatosheka. Mhuri unaonyesha kwamba mnyama amepita njia halali, na hilo ni muhimu, lakini jina la mji linatoka kwa waliomkamata na kumsafirisha, na njiani maboksi huchanganyika.

Tazama herufi ya chanzo. W ni aliyetolewa porini, C ni aliyezalishwa kwa mfugaji kwa vigezo vya mkataba, na F ni aliyezaliwa kwenye kufugwa bila kutimiza vigezo vyote vya C. Usiichanganye F hii na F1 ya wafugaji.

Karatasi ya ukoo ndiyo unayoitaka kwa ajili ya eneo. Iwe na majina au namba za baba na mama, eneo la kila mmoja, tarehe ya kutagwa na kuanguliwa, na jina la mfugaji. Iwe na sahihi yake.

Hatua ya 8: Kabla ya kutoa fedha

Mtazame afya, kwa sababu kinyonga mgonjwa hadanganyi makusudi ila rangi zake ni za uongo. Macho yawe yamejaa, yamefunguka mchana, yanazunguka. Miguu iwe imenyooka na kushika kijiti kwa nguvu. Iliyopinda ni dalili ya upungufu wa kalsiamu. Mkojo wake mgumu uwe mweupe. Ukiwa wa machungwa, ana kiu.

Kisha mwandikie muuzaji ujumbe mmoja wenye kila alichokuambia: baba wa wapi, mama wa wapi, tarehe, kizazi. Malizia: "Nimeelewa sawasawa?" Subiri ajibu kwa maandishi ndipo ulipe.

Kinyonga wa pembe tatu wa kwetu

Nimekulia miteremko ya Mlima Meru. Bibi alikuwa akitukataza kumgusa kinyonga uani, akituambia tupite upande wa pili wa ua, na hadi leo nikimwona Trioceros jacksonii kwenye tangazo moyo unashtuka kidogo. Basi nisome polepole hapa, kwa sababu wanaouzwa kwa jina la Jackson ni makundi matatu, nayo hutambulika vizuri zaidi kuliko kinyonga chui. Tena safari hii jike ndiye anayekusaidia.

Wa Mlima Kenya, xantholophus, ndiye mkubwa, dume hufika sentimita 30 na zaidi, na kishungi cha mgongoni kina unjano. Jike wake kwa kawaida hana pembe. Wa Nairobi na nyanda za Wakikuyu hadi Machakos, jacksonii mwenyewe, ni mdogo kidogo, na jike wake anaweza kuwa na pembe moja hadi tatu. Wa Mlima Meru, merumontanus, ndiye mdogo kuliko wote, na jike wake ana pembe moja puani. Kwa hiyo uliza picha ya mama kabla ya ya baba, kwa sababu madume wote wana pembe tatu.

Wengi wanaouzwa Marekani ni xantholophus ambao chimbuko lao ni Hawaii. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama huko Oahu aliwaagiza kutoka Kenya, akawaachia bustanini wapate nafuu baada ya safari, wakaenea. Mtu wa Marekani akikuambia wake ni merumontanus, anahitaji ushahidi mzito, hasa kwa kuwa Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016.

Kipimo kimoja cha haraka: kinyonga huyu huzaa watoto hai. Anayekuuzia mayai ya pembe tatu anakudanganya au hajui anachouza.

Na ukikutana na jina "Fischer" kwa kinyonga wa pembe mbili, simama. Kwa miaka mingi jina hilo lilifunika vinyonga wa milima tofauti, hadi mwaka 2008 walipotenganishwa rasmi: Kinyongia multituberculata wa Usambara Magharibi, matschiei wa Usambara Mashariki, boehmei wa milima ya Taita, na fischeri mwenyewe. Jenasi yenyewe imepewa jina kutokana na neno letu kinyonga. Karatasi ya zamani yenye jina Fischer bila jina la mlima haikuambii kitu.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kununua kwa picha ya dume mmoja maarufu huku mtoto unayepewa si wake. Uliza kama dume wa kwenye tangazo ndiye baba wa mtoto huyu, si baba wa watoto wa mwaka jana.

Kudhani bei kubwa ni ushahidi.

Kumpima dume siku ya kwanza nyumbani. Ametoka kwenye boksi, ana baridi, ana hofu.

Kumwita mchanganyiko kuwa ni mbaya. Kinyonga aliyechanganywa anaweza kuwa na afya na uzuri wote. Ubaya uko kwenye kumficha. Akiuzwa kwa jina la mchanganyiko na bei yake, mnunue kwa furaha, ila usimzalishe kwa jina la mzazi mmoja.

Ukikwama

*Muuzaji anasema baba alikufa na hana picha.* Omba za ndugu zake, au za aliyemuuzia baba huyo. Zikikosekana zote, mchukue kama kinyonga chui asiyejulikana asili, na bei ishuke ifanane na hilo.

*Nimeshanunua, rangi zinatoka tofauti.* Mpige picha kila mwezi, mahali palepale, na karatasi nyeupe, hadi miezi 18. Kama bado haendani na eneo, mwandikie muuzaji ukiambatanisha ule ujumbe wa Hatua ya 8. Usimzalishe kwa jina ulilouziwa.

*Dume wangu ni kahawia tangu afike.* Mpe wiki mbili hadi tatu. Hakikisha chini ya taa panafika nyuzi 29 hadi 32 kwa kinyonga chui, ananyunyiziwa maji ya kutosha, ana majani ya kujificha, na haoni kinyonga mwingine wala sura yake kwenye kioo cha kizimba. Yule wa pembe tatu anataka ubaridi wa mlimani, usimpe joto hilo.

*Nina majike wawili na nimesahau yupi ni yupi.* Tafuta picha za zamani na ulinganishe mpangilio wa magamba ya kichwani na ubavuni. Hayo hayabadiliki kama rangi. Ukishawatambua, weka namba kwenye kila kizimba leo hii.

*Niko Arusha, kuna mmoja kwenye ua wa jirani, nimchukue?* Usimchukue. Kumkamata bila kibali ni kosa, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hapo Tanzania na kwa ile ya 2013 Kenya. Mpige picha palepale alipo, ubavu mzima, na uandike jina la kijiji, urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari na tarehe. Akiwa jike mwenye pembe moja puani, nitumie. Hao ndio wa kwetu Meru, na picha zao zenye jina la mahali ninazihitaji kuliko nyingine yoyote.